Mpira Ulimgusa Nani

“Mama Mutahi, hiyo jezi unafua kila Krismasi na hakuna mtu anaivaa, ni ya nani?”

Aliyeniuliza ni Wakonyo, jirani yangu, akiwa upande wake wa ua na beseni la mboga kiunoni. Nilikuwa nimeitoa jezi ile sandukuni, nikaifua kwa sabuni ya kipande, na sasa ilikuwa inachuruzika kwenye kamba kati ya jiko na mparachichi. Nilimwambia imeshika vumbi. Wakonyo alikuwa mtu mwema, ila neno likiingia kwake asubuhi, kabla ya chakula cha mchana lilikuwa limeshafika kwa wauza viazi sokoni. Akacheka, akasema, “Vumbi ya ndani ya sanduku, eh?” akaenda zake. Sasa amehamia kwa mwanawe kule Naro Moru, magoti hayamruhusu kuja, nami nina nafasi ya kumjibu vizuri.

Watu wa umri wetu hapa Karatina wangemwambia bila kufikiri kwamba ni ya Theuri, mchezaji aliyesemwa sana sokoni. Si ya Theuri.

Timu ilianza na marehemu mume wangu, Simeon. Alikuwa seremala. Kabla ya Uhuru aliwahi kutengeneza madawati katika shule ya misheni, na huko ndiko alikoona mpira wa kikapu ukichezwa na walimu waliokunja suruali. Mchezo ule ukamwingia. Tulipopata Uhuru na kila mtu akawa anataka kuanzisha kitu chake, huyu duka, yule chama cha maziwa, Simeon alitaka kusimamisha milingoti kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa. Alipasua mbao za mutarakwa, akaziunga zikawa ubao mpana, akaupaka chokaa. Pete ilikunjwa na mhunzi kutoka kwa nondo. Ikabaki wavu, na hiyo kazi akaniletea mimi.

“Wewe unajua kusuka,” alisema. “Suka tu kiondo kisicho na kitako.”

Nilisuka. Lakini mkono uliozoea kiondo haujui kuacha matundu, na nilikaza uzi kama ninayetengeneza cha kubebea maharagwe, tena nikakibana chini kidogo kwa sababu ndivyo mama yangu alivyonifundisha. Siku ya kwanza wazee wa kanisa walikuja kutazama wakiwa wamevaa makoti. Mpira ukarushwa, ukaingia, ukakaa. Ulikaa mle kama yai kwenye kiota. Simeon akatafuta mti mrefu wa kuusukuma kwa chini, na siku ile kila mtu alipofunga, mchezo ulisimama mpaka mti uletwe. Wamae, mmoja wa wachezaji, ambaye hata wakati ule mdomo wake haukuwa na kifungo, alisema ati hii ndiyo timu pekee ambayo mabao yake yanawekwa akiba. Wazee walicheka mpaka wakashikilia kofia zao. Nilifumua, nikasuka upya kwa matundu mapana, lakini mpaka leo nikiona kiondo kimetundikwa ukutani namwona Simeon chini yake na mti mkononi, anatazama juu.

Kitambaa cha jezi kilitoka kwa Haridas, aliyekuwa na duka la nguo karibu na stesheni. Kilikuwa kimebaki kwenye sare za shule, cha kijani, na nilizishona mwenyewe. Mvua ikiwanyeshea vijana, rangi ilitoka, wakarudi nyumbani wana shingo za kijani. Dhiren, mwana wa Haridas, alikuwa mmoja wao. Mama yake, Champa, alikuja kwangu siku moja na shati jeupe la mwanawe lililoharibika, tukasimama tunalitazama, kisha tukaanza kucheka sote wawili, na tangu siku hiyo tukawa tunapelekeana vitu, yeye pilipili ya kukaanga, mimi nduma.

Kulikuwa na desturi moja Simeon aliyowawekea. Kwetu, wazee wakikaa kusema jambo, anayesema husimama na fimbo yake. Simeon alisema vijana hawa hawana fimbo, wana mpira. Kwa hiyo baada ya kila mchezo walikuja nyumbani kwangu, nikawapa chai, na aliyeshika mpira ndiye aliyesema. Akimaliza alimpasia anayemtaka, na aliyepasiwa hakuruhusiwa kukataa kusema. Waligombana hapo, wakasameheana hapo, na vikombe vyangu vingi vilivunjikia hapo. Simeon alipolala usingizi wa mwisho, mapafu yake yakiwa yamejaa vumbi la mbao, nilidhani vijana wataacha kuja. Jumapili iliyofuata baada ya ibada niliwaona wanafungua lango kama kawaida, wakavua viatu mlangoni, Wamae akauliza kama kuna viazi vitamu. Mpira, pampu na jezi zikabaki chumbani mwangu. Binti yangu, Kagure, alikuwa ameolewa. Nilibaki na Mutahi, mwanangu, na wale vijana.

Mutahi ndiye aliyekuwa mfungaji. Sisemi kwa kuwa ni wangu. Alikuwa akiruka, unaona kama amesahau kushuka. Watu walifunga vibanda mapema wakaja kumtazama, na kampuni moja ya Nairobi iliyokuwa na timu ilimtumia habari aende, kuna kazi na kuna jezi. Alikataa. Aliniambia, “Nani atabaki na wewe, Mami?” Nilimwambia Mungu atabaki na mimi. Akasema, “Mungu hawezi kubeba maji,” nikamkemea, lakini moyoni nilifurahi.

Na Theuri? Theuri alikuwa wa akiba. Fundi wa baiskeli, mtu wa Kangema aliyekuja kutafuta kazi, mfupa mtupu na mikono kama majembe. Kufunga hakujua. Akirusha mpira, watoto waliokaa nyuma ya ubao walikimbia. Kazi yake ilikuwa kuingia mchezo ukiwa mgumu, kumganda mchezaji hodari wa upande wa pili, kuchukua mpira unaorudi kutoka ubaoni na kumpa Mutahi. Na aliifanya kazi hiyo kwa viwiko. Refa akigeuka, mtu alianguka. Hakuna aliyewahi kuona mkono wa Theuri ukimgusa, lakini kila mara mtu yuko chini anashika mbavu. Vijana walimpenda sana kwa hilo. Ndungu, mwalimu wa shule ya msingi aliyecheza nao, alikuwa akimwita “daktari” kwa sababu aligusa tu, mtu akalala.

Kisha Theuri akaenda nyumbani kwao kwa mazishi, akapita kwenye mkutano wa uamsho, akarudi ameokoka.

Mimi ni wa kanisa tangu utoto, na nilivaa kitambaa cha Gildi, umoja wa kina mama kanisani, nikiwa bado kijana. Lakini wale wandugu wa uamsho walikuwa na njia yao. Waliiita kutembea nuruni. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja alichofanya, bila kukipamba, kisha akaomba msamaha. Theuri alianza na sisi. Alizunguka mji wote akitafuta watu aliowapiga viwiko. Alienda mpaka Nyeri kwa baiskeli kumwomba msamaha mchezaji mmoja, na yule mtu alipomwona akija aliingia dukani akafunga mlango.

Uwanjani ikawa ni jambo jingine kabisa. Akimgusa mtu, aliinua mkono kabla filimbi haijalia. “Nimemsukuma,” anasema. Marefa hawakuwa wamewahi kuona kitu cha namna hiyo. Mwanzoni walidhani anawadhihaki. Baadaye wakamzoea, na baadaye zaidi wakaanza kumtegemea. Mpira ukitoka nje na wao hawakuona vizuri, walimgeukia. “Theuri, ni wa nani?” Naye alisema. Na hata timu nyingine zilikubali, kwa sababu zilijua.

Ndivyo tulivyofika fainali kule Nyeri. Tulienda kwa lori la Haridas, mimi nikiwa mbele na dereva, na birika la chai magotini. Tulicheza na timu ya Nanyuki. Mchezo ulikuwa karibu kuisha, sisi tukiwa juu kwa pointi moja tu, na kombe liko mezani limefunikwa kitambaa. Mpira ukagombaniwa chini ya kikapu chetu, ukatoka nje. Mikono mingi ilikuwa hapo. Refa alikuwa upande wa jua. Akapuliza, akasita, akamtafuta Theuri kwa macho.

“Theuri, ni wa nani?”

Nilikuwa nimekaa karibu na mstari. Niliona Theuri anamtazama Mutahi, si kwa ukali, kama mtu anayetazama mvua kuona kama itapita. Kisha akasema, “Ni wao. Umetokea kwa kidole cha Mutahi.”

Nanyuki wakaingiza mpira, wakafunga. Kombe likaenda Nanyuki.

Njiani kurudi hakuna aliyegusa chai. Theuri alikaa nyuma kabisa ya lori, amegeukia barabara tuliyotoka.

Jumapili baada ya ibada wakaja. Nilikuwa nimefua jezi na kuzikunja, nikaiweka ya kila mtu kwenye kiti anachopenda kukaa. Ya Mutahi niliiweka kwenye mkono wa kiti cha baba yake. Nilijua wamekuja kusema jambo gani. Ndungu alikuwa amelipitisha sokoni wiki nzima: Theuri abaki kwenye timu, au aende.

Ndungu akaanza na mpira. “Mimi sina ubaya na wokovu wa mtu, hata mimi nimebatizwa. Lakini mchezo uko na refa. Kazi ya refa ni kuona, kazi yetu ni kucheza. Mtu akitaka kuwa refa apewe filimbi, atoke kwa timu.”

Akampasia Wamae, labda kwa kutumaini kicheko.

“Mimi nalaumu wale wahubiri,” Wamae akasema. “Wangengoja msimu uishe ndio wamwokoe.” Walicheka, hata Theuri mwenyewe alitabasamu akitazama sakafu. “Lakini wacha niseme ukweli. Huyu mtu kabla hajaokoka alinitoa jino kwa mazoezi. Mazoezi tu, na mimi ni wa timu yake. Sasa anapita kwangu kila asubuhi ananiombea. Nikipima jino na maombi, mimi nachukua maombi. Abaki.”

Mpira ukaenda kwa Dhiren. Dhiren alikuwa hasemi sana, na akisema alikuwa na njia ya kuuzungusha mpira kwanza, kama anayetafuta mahali ulipofungwa.

“Mwaka jana tulicheza hapa na wale wa Othaya,” akasema. “Mpira ikatoka nje. Refa akauliza Theuri, Theuri akasema imegusa wao. Tukapewa, tukashinda. Siku hiyo nani alimwita msaliti? Mwalimu Ndungu alimbeba kwa mabega mpaka stesheni.”

“Hiyo ilikuwa tofauti,” Ndungu akasema.

“Huna mpira, Mwalimu,” Wamae akamwambia.

“Tofauti ni gani?” Dhiren akaendelea. “Baba yangu ako na yadi moja dukani. Akinunua kitambaa anapima na hiyo, akiuza anapima na hiyo.”

“Yadi ya babako?” Wamae akasema. “Si ndiyo ile fupi?”

“Na wewe huna mpira,” Dhiren akamjibu, na kicheko kikarudi kidogo, nikamiminia watu chai. Nilifikiri pengine litapita hivyo, kwa utani na sukari, kama mengi yalivyopita katika chumba kile.

Lakini Dhiren akampasia Mutahi.

Mutahi hakukaa. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake, na jezi yake imelala pale pale nilipoiweka. “Mimi nimeongea na nyinyi miaka mingi,” akasema, “na sijawahi kuwauliza kitu. Kwa Nairobi niliitwa nikakataa, kwa sababu ya hii timu ya mzee. Nyeri nilichekwa na watu wote. Wananionyesha kidole, ati huyo ndiye ameuzwa na mtu wao. Siwezi kucheza na mtu nyuma yangu anahesabu vidole vyangu. Kwa hivyo sitaki kura. Ni yeye au mimi. Akibaki, kesho niko kwa basi.”

Ndungu mwenyewe alishtuka. Alitaka Theuri aondoke, hakutaka Mutahi apimwe naye. Nami nilisimama na birika, nikijua kwamba mwanangu hasemi neno hilo kwa kutisha. Tangu utoto alikuwa hivyo. Akisema hatakula, hakuwa anaigiza, hakula kweli.

Akamrushia Theuri mpira kwa nguvu kidogo. Theuri akaudaka kifuani.

“Mimi sikuinua mkono ile siku,” Theuri akasema polepole. “Kama ni kidole yangu ningeinua. Ya Mutahi si yangu kutaja. Lakini refa aliniuliza.”

“Ungesema hukuona,” Ndungu akasema.

“Niliona.”

“Basi ungenyamaza.”

“Wakiniuliza na ninyamaze, wanajua,” Theuri akasema. “Hapo nitakuwa nimesema na bado nimedanganya.” Akaupapasa mpira. “Sitaki kuwavunja. Hii nyumba ndiyo ilinipokea nikiwa mtu mbaya. Mkisema niende, naenda, na nitakuja tu kutazama. Lakini mkinibakisha, siku refa ataniuliza tena, nitamwambia. Nataka mjue hiyo kwanza, msije mkasema niliwaficha.”

Ilikuwa sasa ampasie mtu. Wote walikuwa wamesema. Akazungusha macho chumbani, akavuka vijana mmoja mmoja, akanifikia mimi nikiwa mlangoni mwa jiko.

“Mama,” akasema, “wewe ndiye unatufulia. Sema.”

Na akanipasia. Taratibu sana, kwa kuudundisha mara moja sakafuni, jinsi mtu anavyompa mtoto.

Miaka yote ile mpira haukuwa umewahi kuja kwangu. Niliweka birika chini ili niudake. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na uso wake umelainika kwa mikono, na ulinukia chumba changu mwenyewe, sanduku na dawa ya kuzuia nondo. Nikamtazama Ndungu, hakunitazama. Dhiren alinitazama. Nilijua ninachotakiwa. Wale waliotaka Theuri aende walitaka nimlilie mwanangu. Na wale waliotaka abaki walitaka nimtaje Simeon, niseme angesema nini, na mimi sikujua angesema nini. Mtu akilala anakuachia kazi zake, hakuachii maneno ya mambo ambayo hayajatokea.

Lakini kitu kimoja nilikuwa nimekiangalia tangu walipoanza. Ndungu alikuwa amesema, na Wamae, na Dhiren, na Theuri. Mutahi alikuwa amesema kwamba alichekwa, na kwamba aliuzwa. Wote walizungumza juu ya nani aulizwe na nani anyamaze. Hakuna aliyekuwa amemwuliza mwenye kidole.

Mutahi sasa ana nyumba yake Nairobi, na mke mwema, na watoto ambao kila Krismasi hunimalizia maparachichi. Hatukugombana, Wakonyo, kama ulikuwa unafikiri tuligombana. Hunitumia sukari na hunipigia simu kwa posta. Akija, njia ya kutoka langoni hadi jikoni hupita chini ya kamba ya nguo, na kwa urefu wake huinama, anapita jezi ikiwa juu ya kichwa chake, ananisalimu. Mimi huianika. Yeye huinama. Siku atakayoishika ataikuta safi.

Nami ningeuliza tena vile vile.

“Mutahi,” nikasema, “mimi sijui sheria za mchezo wenu. Sina neno juu ya abaki au aende. Nina swali moja tu, na nakuuliza mbele ya wenzako kwa kuwa mbele yao ndipo uliposema. Mpira ulikugusa?”

Nikampasia, kwa kuudundisha mara moja, kama nilivyopasiwa.

Aliudaka. Desturi ya baba yake ilikuwa pale mikononi mwake, kwamba aliyepasiwa husema. Tulingoja. Nje kuku walikuwa wanaparura chini ya mparachichi, na chai ya Wamae ilikuwa imeshika utando. Niliona Mutahi anafungua kinywa. Niliona anamtazama Theuri, na Theuri hakumkwepa, wala hakumkazia. Alimtazama tu kama ndugu. Kisha Mutahi akatazama mkono wake wa kulia, kile kidole kirefu, kama kitu alichoazimwa.

Aliinama, akaweka mpira sakafuni kando ya kiti cha baba yake, kwa uangalifu, usidunde wala usiviringike. Jezi iliyokuwa kwenye mkono wa kiti hakuigusa. Akavaa viatu vyake mlangoni, akafunga kamba zote mbili, akainamisha kichwa kupita chini ya kizingiti, akatoka bila kusema neno jingine.